Zimebaki Tatu Tu





Maneno haya niliyasema kwanza katika darsa ya baada ya Alasiri, mbele ya wanafunzi wa vyuo vya upande wetu huu wa Nakawa na Kyambogo. Darsa ilipokwisha, wahariri wa jarida wakaniomba niyaandike. Walisema Ramadhani inakaribia kumalizika, na katika kila hosteli kuna wanafunzi kadhaa wanaouza kitu kwa ajili ya Idi: kanzu, hijabu, manukato, tende, keki, viatu vya watoto. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha sisi na wenzetu waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo. Mimi nimelelewa chini ya kilima cha Mbuya, jirani na kambi ya jeshi, na Kiswahili tulikisikia kwa watoto wa askari kabla hatujajua kusoma. Wenzangu wa Mombasa na Tanga wanisamehe pale ninapokosea.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Najua dini imetukataza kutangaza madhambi ambayo Mwenyezi Mungu ametusitiri. Hili halikusitiriwa. Niliowakosea ni watu 11, wote wananijua kwa jina, na wengine tunakutana nao msikitini mpaka leo.

Mama yangu ana kibanda Kinawataka, bondeni chini ya Mbuya. Anauza nguo za watoto. Ukifika mwezi wa Ramadhani huongeza kanzu ndogo, kofia na hijabu, na Krismasi ikikaribia huongeza magauni na suti za wavulana. Mtaji wake ni mdogo, na njia yake ya kutangaza biashara ilikuwa ile ile ya miaka yote. Hutundika kanzu mbili mlangoni ili wapitao wazione, halafu baada ya Tarawehe huwaambia wanawake wenzake kwamba mzigo umeingia. Basi. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma mambo ya masoko, na nilimwona mama yangu kama mtu aliyelala huku wenzake wanakimbia.

Siku ya 20 ya Ramadhani nikaamua kumsaidia bila kumwambia. Nilitafuta kwenye intaneti picha ya mtoto mzuri aliyevaa kanzu nyeupe iliyodariziwa kifuani. Sijui alikuwa mtoto wa nani wala wa nchi gani. Nikaandika chini yake: kanzu za Idi, kitambaa kizito, darizi ya mkono, shilingi 35,000, zimebaki tatu tu, nunua kwa Muislamu mwenzako. Nikaiweka kwenye stetasi yangu ya WhatsApp na kwenye makundi matano, likiwemo kundi la wazazi wa madrasa niliyokuwa nikifundisha Juzuu Amma mwisho wa wiki. Nusu saa baadaye binamu yangu, kwa ombi langu, akaandika katika makundi hayo kwamba yeye ameshapokea yake, mashaallah, kitambaa ni kizito kweli.

Ndugu zangu, hazikuwa zimebaki tatu. Haikuwapo hata moja.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Watu walipe kwa simu, niende mjini kwa wauzaji wa jumla nichukue kanzu kwa 22,000, nibaki na 13,000 kwa kila moja. Kwa siku nne nilipata oda za kanzu 14. Nikapokea shilingi 490,000. Katika hizo nikachukua 200,000 nikamalizia ada ya chuo, maana bila hivyo nisingeruhusiwa kufanya mitihani. Nikajiambia kwamba faida itaziba.

Siku ya 27 nikashuka Kikuubo. Aliyewahi kufika Kikuubo siku hizo anajua: huwezi kugeuka, wabeba mizigo wanakusukuma mbele, na bei ya asubuhi si bei ya jioni. Kanzu niliyoikusudia ilikuwa imepanda hadi 30,000. Kwa 14 ilitakiwa 420,000, na mimi nilikuwa na 290,000. Muuzaji mmoja akanionyesha nyingine za 18,000. Kwa mbali zilifanana na ile ya kwenye picha. Kwa karibu ungeweza kuona vidole vyako kupitia kitambaa. Nikazichukua zote 14. Usiku wa kuamkia Idi nikazigawa kwa bodaboda, zimefungwa vizuri ndani ya mifuko, saa ambayo hakuna mzazi mwenye nafasi ya kufungua na kukagua.

Asubuhi tuliposali Idi, mbele yangu alikuwapo mzee mmoja mlinzi wa usiku, anayelinda nyumba za watu Bugolobi na kulala Kinawataka. Alinunua kanzu mbili kwa ajili ya wanawe, wanafunzi wangu wa madrasa. Jua lilikuwa limeshapanda, lakini watoto wale walikuwa wamevaa masweta ya shule juu ya kanzu. Baada ya hotuba nikaenda kuwasalimu.

“Mzee wangu, Idi njema. Mbona watoto wamevaa masweta kwenye joto hili?”

“Idi njema nawe, mwalimu. Mshono wa mgongoni uliachia walipoinama kuvaa viatu. Mama yao akasema tuwafunike, waswali.”

Hakunilaumu. Angenitukana ningejua la kujibu. Yeye aliniita mwalimu.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama kila kitu, kwa sababu kula ile pilau nilishindwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba simu, akasoma tangazo polepole, akaniuliza swali moja: “Mwanangu, hizi tatu zilizobaki ziko wapi? Nionyeshe.”

Siku iliyofuata aliniamuru niwapigie wote. Baadhi walisamehe. Waliotaka fedha zao walikuwa na kanzu 9, yaani shilingi 315,000, na mimi sikuwa nazo. Mama alitoa katika fedha alizoziweka kwa ajili ya mzigo wa Idi ya Adha, na Idi ile kibanda chake hakikuwa na kanzu hata moja. Wateja wake wa miaka mingi wakaenda kwingine, na wengine hawakurudi. Yule mzee nilimpelekea 70,000 zake mkononi. Alizihesabu, akazitia mfukoni, akasema: “Fedha nimepata, mwalimu. Sasa ile Idi ya watoto nitaipata wapi?”

Swali hilo ndilo lililonifanya nirudi kwenye vitabu. Nilikuwa nimesoma jinsi ya kumvutia mnunuzi, na hakuna aliyeniambia kwamba tangazo ni ushahidi. Unaposema kitambaa hiki ni kizito, unashuhudia. Mnunuzi hana macho pale. Ameazima macho yako. Na sisi tunajua uzito wa ushahidi wa uongo katika dini yetu.

Tazameni alivyofanya Mtume (s.a.w.) sokoni Madina. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra kwamba alipita kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali kuna nini. Yule akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba anayedanganya si katika wao. Tuzingatie jambo hili, ndugu zangu. Mvua haikuwa kosa la mtu yule. Wala hatusomi kwamba alitamka neno la uongo. Nafaka kavu ndiyo iliyosema kwa niaba yake. Ule mpangilio wa juu na chini ulikuwa ndilo tangazo lake. Picha yangu ya mtoto asiyejulikana ilikuwa nafaka kavu ya juu.

Na binamu yangu? Hilo lina jina katika fiqhi. Linaitwa najashi, nalo limekatazwa katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Asili yake ni mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili mwingine apumbazike adhani kina thamani. Zamani alisimama karibu na ngamia sokoni. Leo anaandika “nimepokea yangu, safi sana” hali hajapokea chochote. Dada mmoja darsani aliuliza kama rafiki yako akisifu keki yako ambayo ameila kweli ni najashi. Hapana, huyo ni shahidi wa kweli, mshukuru. Tatizo ni shahidi asiyekuwapo kwenye tukio.

Kuhusu viapo nitasema kidogo tu, maana mnajua. Ile “wallahi hii ndiyo bei niliyonunulia” inayosikika sokoni toka asubuhi hadi Magharibi, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba kiapo kinaifanya bidhaa itoke na kuifuta baraka yake. Mtu anaweza kuuza vyote vilivyopo mezani na baraka isiwepo. Mimi niliuza 14 kati ya 14.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui, na ambalo nadhani ndilo linalowagusa zaidi, ni kuuza kitu usichonacho. Hakim bin Hizam (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba watu humjia wakitaka bidhaa asiyokuwa nayo, naye huwauzia kisha huenda kuinunua sokoni. Akakatazwa kuuza asichonacho. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na wengine. Niliposoma hadithi ile niliona kama mtu amechungulia simu yangu. Biashara ya nusu ya hosteli zetu ndiyo hiyo hiyo: picha kwanza, fedha pili, bidhaa tutaijua Kikuubo.

Kijana mmoja wa sheria alisimama akanibana. Akasema: Mwalimu, si dini imeruhusu salam, yaani mtu kulipa leo na kupokea baadaye? Ameuliza vizuri. Ni kweli, Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mavuno, mwaka mzima na hata zaidi. Hakuwakataza. Aliwataka wajue kipimo, wajue uzito, wajue muda. Kwa hiyo mlango upo, na mwanafunzi asiye na mtaji anaweza kupita humo kwa heshima. Lakini una masharti yake: bei ilipwe yote pale mnapokubaliana, bidhaa ielezwe kwa sifa zinazoondoa ubishi, siku ya kukabidhi itajwe, na wewe uchukue deni shingoni mwako la kuleta kitu chenye sifa hizo. Kikija pungufu, mteja ana haki ya kukikataa na kurudishiwa fedha yake. Mimi sikusema “nitakuletea”. Nilisema “zimebaki”. Na kilichofika hakikuwa na sifa nilizozitaja. Hiyo haikuwa salam hata kwa kuilazimisha.

Njia iliyo nyepesi zaidi kwenu, kwa maoni yangu, ni uwakala. Mwambie mteja wazi: mimi sina kanzu, ila Jumamosi nakwenda mjini, naweza kukununulia, ujira wangu ni shilingi 5,000. Fedha anayokupa inabaki amana. Ikibaki chenji, irudishe. Bei ikipanda, mpigie simu ukiwa bado umesimama dukani, aamue yeye. Sidhani kuna mteja Mbuya nzima atakayekasirika kwa kuambiwa hivyo. Na kama ni nguo ya kushonesha kwa fundi, hapo kuna mkataba mwingine, istisnai, wenye maelezo yake baina ya madhehebu. Muulizeni sheikh wenu kabla hamjapokea fedha, msimuulize baada.

Sasa nirudi kwenye yale maneno matatu niliyoyaona matamu kuliko yote: “kwa Muislamu mwenzako.”

Sisi Waislamu wa Uganda tunafundishwa toka utotoni kwamba dini ilifika Buganda mwaka 1844, enzi ya Kabaka Ssuuna II, na aliyeileta mbele ya Kabaka ni Ahmed bin Ibrahim. Alikuja katika msafara wa biashara. Uislamu uliingia nchi hii ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, pamoja na vitambaa, na kanzu yenyewe tunayoivaa mpaka leo, tunayovalia harusi sisi na Wakristo pia, ilitoka pwani kwa njia ile ile. Watu wa hapa waliijua kauli ya mfanyabiashara Muislamu kabla hawajaijua Qur'ani. Kwa hiyo ukiandika “Muislamu mwenzako” chini ya bei, umeweka rehani kitu kisichokuwa chako peke yako. Yule mzee hakununua kitambaa. Alinunua kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha mwanawe kusoma Suratul Mutaffifin, sura inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Naomba mlifikirie hilo kabla hamjatumia kundi la madrasa au la msikiti kama ubao wa matangazo. Sisemi ni haramu. Nasema pale kila neno lako lina uzito mara mbili.

Wala wasioamini kama sisi hawana haki pungufu. Juu ya kilima chetu lipo Kanisa Katoliki la Mbuya, na Desemba ikifika wanaotoka pale wanashuka kununua nguo za watoto bondeni, kwa mama yangu na kwa wengine. Wengine wanaona ni kipindi cha kujilipa hasara za mwaka: bei juu, kasoro chini. Mtume wetu (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri, kama alivyosimulia Bi Aisha (r.a.). Alifanya biashara na majirani wa dini nyingine mpaka mwisho wa uhai wake. Mwaka 2000 Idi ya Fitri iliangukia siku chache baada ya Krismasi, na wazee wa soko letu wanakumbuka jinsi Waislamu na Wakristo walivyobanana kwenye vibanda vile vile. Kalenda itazunguka na kuturudisha huko. Mizani ni ile ile kwa wote.

Je, haya yanamaanisha tusitangaze? La hasha. Abdurrahman bin Awf (r.a.) alipohamia Madina, ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liko wapi, na akaanza na jibini na samli. Mtu hawezi kuuza samli kwa kunyamaza. Tangazeni. Ila wekeni ile iliyolowa juu.

Mfano sio lazima uende Madina kuutafuta. Hapa hapa Kinawataka kipo kikundi cha wanawake, Kinawataka Women Initiatives, kilichoanza kuokota mirija ya plastiki ya kunywea soda iliyotupwa, kuiosha na kuisuka ikawa mikoba na mikeka. Fikirini mnavyoweza kuuza mkoba wa mirija iliyotupwa. Mjanja angeficha imetoka wapi. Wao husema tangu mwanzo kwamba hii ilikuwa takataka, na wanunuzi huipenda kwa sababu hiyo. Sidai kila kasoro itageuka sifa. Kanzu yenye mshono mbovu ni kanzu yenye mshono mbovu. Lakini nilipokuwa mwanafunzi wa masoko nilidhani ukweli ni gharama, na nilikuwa napita mbele ya mikoba ile kila siku.

Sasa niwageukie wanunuzi, maana katika chumba kile cha darsa walikuwa wengi kuliko wauzaji, na walikuwa wakitikisa vichwa kwa furaha. Nanyi mna hesabu yenu. Mwanafunzi analipia kinywaji Bugolobi bila kuuliza bei, kisha anashuka Kinawataka kubishana na mama mjane kwa shilingi 2,000 za kofia, akijua kwamba ni jioni ya mwisho kabla ya Idi na yule mama hana pa kuupeleka mzigo wake. Mtume (s.a.w.) amemwombea rehema mtu mpole anapouza, anaponunua na anapodai. Imo katika Bukhari kutoka kwa Jabir. Na Jarir bin Abdullah (r.a.), aliyempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu, amesimuliwa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwambia muuzaji farasi wako ana thamani kubwa kuliko hiyo, akawa anamwongezea mpaka 800. Siwaambii mfike huko. Mimi mwenyewe sijafika. Nawaambia mnaweza kuacha zile 2,000.

Na ukipenda bidhaa ya jirani, itangaze. Dakika moja kwenye stetasi yako, picha ya kibanda chake na maneno ya kweli, kwa muuzaji mdogo ina maana kuliko pongezi nyingi. Mama yangu hana simu ya picha. Wateja aliowapata mwaka uliopita, wengi waliletwa na binti mmoja wa hosteli ya jirani aliyepiga picha hijabu yake mwenyewe baada ya kuifua mara tatu, akaandika kwamba rangi haijatoka.

Limebaki moja, nalo ni zito kwangu. Msimu wa biashara na kumi la mwisho la Ramadhani ni siku zile zile. Usiku wa 27 ule mimi sikusali. Nilikuwa juu ya bodaboda na simu, nikijibu wateja. Suratul Jumu'a imetutajia watu walioona msafara wa biashara wakautokea, wakamwacha Mtume amesimama anahutubu, na imepokewa kwamba waliobaki naye ni 12. Sura hiyo hiyo imetuamuru tukishaswali tutawanyike tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyetukataza soko. Tumekatazwa kuondoka kabla ya sala. Kwa vitendo hii ni rahisi kuliko tunavyojifanya. Funga kupokea oda siku ya 20. Andika hivyo kwenye tangazo. Kabidhi mzigo kabla ya siku ya 25, ili anayetaka kukagua akague, kubadilisha abadilishe, na wewe upate usiku wako. Atakayechelewa aende dukani kwa mwingine, naye ana watoto wa kulisha.

Darsani waliniuliza: na wewe sasa unatangazaje? Siku hizi mama ananiruhusu kuandika, lakini yeye ndiye anayenisomea imla, na haniruhusu kuongeza neno. Picha napiga mwenyewe, nje ya kibanda, mchana, bila kuzitia rangi. Tangazo la mwaka huu ni hili, mniwie radhi kama jarida halikupangwa kwa kazi hiyo:

Kanzu za watoto, miaka 3 hadi 12. Kitambaa ni mchanganyiko, si pamba tupu. Darizi ni ya mashine. Zipo 22, tumeshazinunua, njoo uzione. Bei 32,000, ukija na watoto wawili tutazungumza. Tatu zina doa dogo la chuma, hizo ni 20,000. Mshono ukiachia ndani ya mwezi mmoja lete tushone bure. Mwisho wa oda ni tarehe 20 Ramadhani. Jumapili mchana tumefunga saa ya Adhuhuri.

Yule mzee mlinzi alikuja wiki iliyopita. Mwanawe mkubwa sasa anamzidi kimo, kwa hiyo alichukua ya mdogo tu. Aliigeuza ndani nje, akavuta mshono wa mgongoni kwa mikono yote miwili mbele yangu, akauvuta tena, kisha akalipa. Zenye doa zimetoka mbili. Moja bado ipo, ya mtoto wa miaka 4, doa liko kwenye pindo la chini upande wa kushoto.